Siku Mlingoti Alipopata Sauti

Waliompeleka jeshini walikuwa wajomba zake, na kosa lake lilikuwa kunyamaza. Mtu gani huyu, walilalamika, ukimsalimu anakuitikia kwa kope, wageni wakiingia kwa mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Mama yake alijaribu kumtetea. "Maneno anayo, ila hayakai mdomoni." Mjomba mkubwa alicheka mpaka akapaliwa. "Basi dada, tumpeleke kwa watu watakaoyafuata huko yanakokaa. Jeshi litamchangamsha huyu, utakuja kunishukuru."

Kijana mwenyewe hakubisha. Kubisha nako kunataka maneno.

Kambini alikuta bweni refu kama ghala, vitanda vya chuma vimepandana, na kati ya kitanda na kitanda nafasi ya kupitisha mtu kwa ubavu. Walilala pamoja, wakaamshwa kwa filimbi pamoja, wakaoga wamepanga mstari chini ya bomba lililotobolewa, na hata chooni milango ilikuwa imekatwa juu na chini. Kuruta wengine walilia kwa sababu ya mbio, matope na buti zilizowachuna visigino. Yeye mbio alizimudu na matope hayakumsumbua. Kilichomshinda ni watu. Tangu alfajiri hakuna dakika ambayo kiwiko cha mwenzake hakikuwa ubavuni mwake au sauti ya mwenzake sikioni. Akawa akinawa uso anakawia na taulo usoni, kwa kuwa nyuma ya lile taulo ndiko kulikuwa na chumba pekee alichokuwa nacho duniani. Akaanza kukonda.

Kwenye kitanda cha chini yake alilala kijana mfupi mwenye mdomo mpana, ambaye bweni zima lilimwita Kasuku. Huyu aliweza kuiga mwendo wa kila afande, na akiadhibiwa kupiga pushapu alizihesabu kwa sauti ya yule yule aliyempa adhabu, mpaka mwenye adhabu anageuka pembeni kuficha meno. Kwake bweni lilikuwa harusi isiyo na mwisho.

"Kaka wa juu," alimwita siku moja, "mimi nazungumza na wewe tangu juzi. Una habari?"

"Nasikia."

Kasuku aliruka kitandani. "Jamani! Amkeni! Mlingoti wa bendera umesema!"

Jina likaganda. Alikuwa mrefu na mwembamba, alisimama wima bila kutikisika, na hakuna aliyewahi kusikia mlingoti ukipiga soga. Mlingoti akawa Mlingoti, hata kwa maafande.

Kasuku naye alikuwa na kilichomshinda. Nyuma ya kambi, penye ghala la mafuta, kulikuwa na geti dogo na kibanda cha mabati. Mbele yake uzio wa waya, ng'ambo ya uzio barabara ya vumbi iliyopitwa na wachache, na huku ndani mapipa yaliyopangwa mstari. Askari aliyepangiwa lindo lile alisimama peke yake mpaka abadilishwe. Jua lilimpiga, kivuli cha kibanda kilitosha buti tu, na hakukuwa na wa kusema naye. Watu walilichukia kuliko kuzibua vyoo. Mara ya kwanza Kasuku kutoka huko, alirudi macho yamemtoka.

"Ndugu yangu, nimesikia damu yangu ikitembea. Damu! Mtu mzima hatakiwi kusikia damu yake."

Mlingoti alipopangwa, alisimama pale akiwa na bunduki begani, akasubiri hiyo adha aliyosimuliwa. Haikuja. Kilichokuja ni upepo, na mlio wa mabati yakijinyoosha kwa joto, kisha, taratibu, yeye mwenyewe. Alijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichombana akakuta vidole vyake bado vipo. Alipobadilishwa alisikitika.

Basi wakaelewana. Kubadilishana zamu lilikuwa jambo la kawaida, na makoplo walifumba macho ilmradi kila lindo lina kichwa. "Nichukulie mabati yale," Kasuku alimwambia, "nami nitakusugulia masufuria zamu zako zote za jikoni, na buti zako nitazipiga kiwi mpaka uchane nywele kwa kujitazama humo." Jikoni kulikuwa na watu, moshi na vicheko, na Kasuku alikwenda huko kama anayekwenda kwao. Mlingoti akaenda getini. Wote wawili wakanenepa. Wengine walipoona hivyo nao wakamletea zamu zao za lindo, naye akazipokea zote, wakamwona mwema sana.

Alipopewa ruhusa ya kukaa nje ya bweni, alioa. Alikuwa amepeleka suruali ya kombati iliyochanika kwa fundi cherehani wa mtaa wa jirani, binti aliyefanya kazi kwenye baraza la nyumba ya shangazi yake. Alisimama mlangoni mpaka ikaisha, hakusema kitu, na binti hakumuuliza kitu. Wiki iliyofuata suruali ilichanika tena mahali ambapo suruali haichaniki kirahisi. Ya tatu ilipoletwa, binti alitabasamu juu ya sindano.

Kabla ya kukubali alimwambia jambo lake wazi. Alikulia katika nyumba ambayo baba aliiamsha kwa kelele na kuilaza kwa kelele, sahani zilipangwa kwa kutetemeka, na mama yake alizeeka akiwa amekunja mabega. "Mimi sitaki makubwa kwako. Usije ukanipigia kelele tu. Nilizokula kwetu zinanitosha."

"Mimi?" aliuliza Mlingoti, na wote wawili wakacheka mpaka shangazi akatoka kuangalia kuna nini.

Siku ya harusi Kasuku alisema kwa niaba ya bwana harusi, akasema kwa niaba ya bibi harusi, na kama asingevutwa shati angesema kwa niaba ya wakwe pia.

Wakapata chumba na jiko katika nyumba za askari. Cherehani ikakaa dirishani. Mume alirudi kutoka lindo na ukimya wake, akaketi karibu na mkewe akimshikia kitambaa, na mashine ndiyo iliyozungumza. Kasuku alikuja kula. "Shemeji, wewe umeolewa na ukuta. Nimeleta maneno, yachague, mengine myabakize hapa myatumie kesho." Mke alicheka akifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Mlingoti aliwatazama wawili hao akashiba hata kabla ya chakula. Binti yao alipozaliwa, alifanana na baba. Alitazama sana, akalia kidogo.

Kisha akaja mkuu mpya wa kambi. Huyu alikuwa na tabia ya kuzunguka kambi kwa gari bila kutoa taarifa, na kila alipofika geti la nyuma alimkuta askari yule yule, mrefu, wima, macho kwenye barabara.

"Ni wewe tena?"

"Ndiyo, afande."

"Hapa ndipo wenzako wanapopakimbia. Wewe hulalamiki?"

"Hapana, afande."

Mkuu alitikisa kichwa kwa mapenzi. Aliona nidhamu, uvumilivu na uzalendo vimesimama kwenye kivuli cha mabati. Haikumpitia akilini kwamba amemkuta mtu kwenye starehe yake. Siku ya gwaride alimtoa mstarini mbele ya kambi nzima, akasema huyu ndiye askari asiyechagua kazi, akamvisha tepe za koplo na kumpa kuruta awafundishe gwaride. Palepale akauliza ni nani hajaonekana lindoni hata mara moja tangu yeye afike. Vichwa vikageuka kwa Kasuku, wengine wakicheka. "Basi geti la nyuma ni lake," alisema mkuu. "Kila siku. Ajifunze."

Kasuku alikuwa amezitaka tepe zile. Alizoea kuwapigia wenzake gwaride bwenini kwa mchezo, na kwa mchezo huo kuruta wapya walikuwa wamejifunza kugeuka kulia na kushoto vizuri kuliko walivyojifunza uwanjani. Kila mtu alijua hivyo, isipokuwa mwenye kugawa tepe.

Mlingoti alikusanya maneno yake yote akaenda nayo ofisini.

"Afande, naomba nibaki lindoni."

"Unaogopa cheo?"

"Hapana, afande. Yupo anayefaa kunipita. Yule tunayemwita Kasuku. Watu wanamsikiliza."

"Yule mropokaji?" Mkuu aliegemea kiti. "Koplo, ninyi wanyenyekevu mna tatizo moja, mnadhani unyenyekevu ni ruhusa ya kukwepa. Huna sauti, sivyo? Hicho ndicho kinachokutisha. Sauti utaipata. Kila mtu anayo, inataka kuchokozwa tu. Toka."

Nje Kasuku alikuwa anamsubiri. "Hongera, kaka. Tepe umevaa wewe, jua nimevaa mimi." Alijaribu kucheka. "Basi tubadilishane zamu kama zamani, eh?" Lakini walijua wote wawili kwamba koplo habadilishani zamu na askari wa kawaida.

Uwanjani mambo yalikuwa aibu. Sauti ya Mlingoti ilifika mstari wa kwanza ikafia hapo. Alisema "Simama," na mstari wa mbele ukasimama, wa nyuma ukaupanda mgongoni. Siku moja kikosi kilitembea moja kwa moja mpaka ukutani kwa kuwa hakuna aliyesikia "Nyuma geuka," na kuruta wakaendelea kupiga hatua papo hapo, pua ukutani, wakijikaza wasicheke. Mkuu alikuwa dirishani. Alituma ujumbe kwamba koplo asiyesikika anaweza kupelekwa kambi nyingine, mbali, bila familia.

Mke wake alimwona anavyogeuza chakula sahanini. "Nimesikia wanataka upige kelele."

"Ndiyo kazi."

"Sawa. Kazi ni kazi." Alikata uzi kwa meno. "Ila wakikupa hiyo sauti, iache getini. Usivuke nayo mlango huu. Niahidi."

Alimwahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Huko nyuma Kasuku alikuwa anaisha. Mwanzoni aliyapa mapipa majina ya maafande akawa anayahutubia, na walinzi wa geti kuu waliomsikia walivunjika mbavu. Baadaye hawakumsikia tena. Alipokuja kula aliketi akikitazama chakula mpaka kikapoa. "Shemeji yangu anaumwa?" mke alimuuliza mumewe kwa ishara ya macho. Mtoto alimvuta Kasuku mkono ili aigize sauti ya bata, kama alivyozoea, naye akasema, "Kesho, mama." Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Alasiri moja mkuu alimchukua Mlingoti garini wazungukie malindo. Geti la nyuma walilikuta tupu. Kibanda kipo, mapipa yapo, mtu hayupo. Walimwona mara moja, maana hakwenda mbali. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bomba la maji ambapo wanawake wa mtaa walifulia, na Kasuku alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, bunduki imelala mapajani, mikono hewani, anasimulia. Wanawake walikuwa wameacha kufua, mmoja ameziba mdomo kwa kanga, mwingine amejiinamia juu ya beseni akiomba amhurumie. Uso wa Kasuku ulikuwa umerudi. Kutoka alipoketi geti zima alikuwa analiona.

"Koplo," alisema mkuu, "askari wako yule. Mrudishe."

Mlingoti alivuka barabara. Kasuku alimwona, akampungia mkono kama mwenye nyumba anayemwona mgeni wake. "Ah, huyu hapa mwenyewe! Kaka, njoo uwathibitishie, nilikuwa nawaambia siku ile ulipo..."

"Simama!"

Hakuna aliyejua ilikotoka, wala yeye. Haikutoka kooni, ilitoka chini zaidi, mahali alipokuwa amekanyagia kila kitu tangu usiku wa kwanza bwenini, viwiko vyote, filimbi zote, vicheko vya wale kuruta waliobandika pua ukutani. Beseni lilimponyoka mwanamke mmoja, maji yakamwagikia miguu. Kasuku akaangua kicheko. Alikuwa fundi wa kuigiza sauti za watu, na alijua kazi nzuri akiiona.

"Hiyo sasa! Umempatia mkuu kabisa! Hebu rudia ile ya..."

"Nimesema simama! Kimya! Mguu sawa!"

Kasuku akasimama. Kicheko kilibaki usoni mwake kwa muda, kikawa hakina mwenyewe, kisha kikaondoka.

"Mbele, tembea!"

Akatembezwa kuvuka barabara, kushoto kulia, mbele ya wanawake waliokuwa wanamcheka kwa furaha punde tu. Miaka ilipopita Mlingoti alijieleza mara nyingi kwamba ilikuwa hofu ya kuhamishwa, kwamba mkuu alikuwa nyuma yake. Ni kweli, hofu ilikuwepo. Lakini alipovuka ile barabara alikiona kibanda cha mabati, kitupu, tulivu, upepo unapita ndani yake, na kilichomchoma kifuani kilikuwa wivu. Pale mahali alipokuwa anapatamani rohoni kila siku, mwenzake alipewa bure, akapaacha akaenda kukaa juu ya ndoo. Hilo ndilo lililopaza sauti.

Mkuu alimpigapiga begani. "Si nilikwambia unayo?"

Kasuku alikaa mahabusu, kisha akafukuzwa jeshini. Aliondoka mchana akiwa na begi lake, akapita pembeni ya uwanja ambapo koplo alikuwa anafundisha, na kikosi kiligeuka kwa pamoja kama kitu kimoja. Mke alikutana naye getini.

"Nimemsalimu shemeji," alimwambia mumewe jioni.

"Amesemaje?"

"Ameitikia kwa kichwa."

Sauti ile haikurudi ilikotoka. Kuruta waliokuja baadaye hawakujua jina la Mlingoti, walimwita Radi. Akapanda, akawa sajini. Akaweza kusimamisha kikosi kutoka upande wa pili wa uwanja bila kupanua mdomo sana. Kila jioni alifika mlangoni kwake akasimama kidogo, kama mtu anayefuta buti, akijaribu kuiacha nje. Mwanzoni iliachika. Kisha ikaanza kupenya kwa mambo madogo, kuomba maji akiwa chumbani, kuuliza mkanda uko wapi. Mke alinyanyua macho kutoka kwenye cherehani, akayarudisha.

Asubuhi moja binti alipita na kikombe cha chai, akajikwaa, chai ikamwagikia kombati iliyopigwa pasi kwa ajili ya ukaguzi.

"Simama hapo!"

Binti akasimama. Akaunganisha visigino, akanyoosha mikono ubavuni, akainua kidevu, macho mbele. Alikuwa amewaona kuruta kupitia kwenye uzio, akajifunza mwenyewe. Cherehani ikanyamaza.

"Pumzika, mwanangu," alisema mama. "Pumzika, hakuna kitu."

Mtoto hakulegea. Alimtazama baba yake, akisubiri ruhusa.

Mke alisogea akamkumbatia vile vile alivyokakamaa. "Nilikuomba kitu kimoja," alimwambia mumewe, naye hakupandisha sauti. "Katika maisha yangu yote, kimoja."

Mlingoti alitafuta ile sauti yake ya zamani, ile iliyofika mstari wa kwanza ikafia hapo. Aliitafuta kwelikweli. "Samahani," alisema, na ikatoka kama amri, mpaka jirani akafungua dirisha.

Wajomba zake walimleta mama yake kumtembelea, nao wakafurahi kupita kiasi. Aliwapokea mlangoni kwa sauti iliyojaza ua. "Tulisema!" Mjomba mkubwa alipiga goti lake. "Dada, si unamsikia? Limemchangamsha!" Mama yake, aliyekuwa amezeeka, akaomba aonyeshwe pa kulala.

Alipostaafu walijenga nyumba ndogo penye utulivu. Mke hakumwacha. Alishona, akapika, akamjibu alipoulizwa. Alikuwa ameanza kukunja mabega. Binti alikuwa muuguzi, na siku zake za mapumziko alikuja kumsalimia mama.

Siku moja ya mapumziko hayo mzee alikuwa sebuleni, akasikia kicheko kutoka jikoni. Mkewe alikuwa anamsimulia binti habari za mteja mmoja mnene aliyetaka gauni la umbo alilokuwa nalo usichanani, na alikuwa anaiga sauti ya huyo mteja, anavyovuta pumzi, anavyobishana na futikamba. Aliiga vizuri mno. Miaka yote hiyo mzee hakujua kwamba mkewe anaweza kuigiza. Binti alicheka akigonga meza. Mzee alijikuta anatabasamu peke yake, na hamu ikamshika ya kuketi pale kati yao, asiseme neno, asikilize tu.

Akainuka. Akaenda polepole mpaka mlango wa jikoni.

Kicheko kikakatika. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda, akasimama. Mama akageukia sufuria.

"Mnacheka nini?" aliuliza, kwa upole wote aliokuwa nao.

"Hakuna kitu, baba. Unahitaji chochote?"

"Hapana." Alitafuta la kusema ili wasinyamaze, ili asiondoke. "Endeleeni."

Ikatoka kama ilivyozoea kutoka.

Mama aliushika mwiko, macho kwenye sufuria, akaendelea na habari ya yule mteja kuanzia pale alipokatizwa, neno baada ya neno, kwa sauti yake ya kawaida, bila kuiga. Akaifikisha mwisho. Na ilipofika mwisho, binti, akiwa bado amesimama, akacheka.